Paolo Ruffini: Daktari aliyewafupishia wanafunzi ugawanyaji wa polinomia

MWANAFUNZI wa sekondari anayechukua hesabu za juu hukutana na ugawanyaji wa polinomia mapema, na aghalabu hukutana nao kwa huzuni. Polinomia ni fungu la x zilizopandishwa vipeo mbalimbali, kila moja ikiwa imezidishwa kwa namba yake, kisha zote zikajumlishwa pamoja. Kuigawanya kwa njia ndefu, ile inayofanana na ugawanyaji wa namba tuliofundishwa shule ya msingi, huweza kumaliza nusu ya ukurasa, na alama moja ya kutoa ikisahauliwa katika mstari wa pili huharibu kila kilicho chini yake.

Kisha siku moja mwalimu huandika ubaoni njia fupi. Herufi zote zinaachwa, zinabaki namba tupu, na mistari mitatu inatosha kumaliza kazi. Darasa zima hupumua.

Nchini Italia na Hispania njia hiyo huitwa kanuni ya Ruffini, na mtoto wa shule hulitamka jina hilo pasipo kufikiri kwamba liliwahi kuwa la mtu. Vitabu vyenye asili ya Uingereza, ambavyo ndivyo vilivyoweka msingi wa masomo katika sekondari zetu za Afrika Mashariki, ama huihusisha na Mwingereza Horner, ama huipa jina la kitaalamu lisilomtaja mtu yeyote. Ndiyo maana huku kwetu Ruffini hajulikani sana, ingawa kazi yake iko katika madaftari ya maelfu.

Paolo Ruffini alizaliwa Septemba 22, 1765 katika mji mdogo wa Valentano, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake, Basilio, alikuwa daktari. Paolo alipokuwa bado kijana familia ilihamia Reggio, jirani na Modena, na tangu hapo maisha yake yote yakafungamana na Modena, mji wa kaskazini mwa Italia uliokuwa ukitawaliwa na ukoo wa Este. Italia ya leo haikuwapo. Palikuwa na vijidola vingi, kila kimoja na mtawala wake.

Mwaka 1783 aliingia Chuo Kikuu cha Modena. Alisoma tiba, falsafa, fasihi na hisabati kwa pamoja, na hakuna somo kati ya hayo aliloliacha baadaye. Mwalimu wake wa hisabati, Paolo Cassiani, alipoitwa kushika wadhifa serikalini, mwanafunzi huyo ndiye aliyekabidhiwa darasa katika mwaka wa masomo wa 1787 hadi 1788, kabla hata hajahitimu. Juni 1788 alipata shahada ya falsafa, tiba na upasuaji, na muda mfupi baadaye ile ya hisabati. Oktoba mwaka huo huo akateuliwa kuwa profesa. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1791 alipata pia kibali cha kutibu wagonjwa, na tangu hapo akawa mtu wa kazi mbili.

Mwaka 1796 majeshi ya Ufaransa chini ya Napoleon Bonaparte yaliingia Modena. Mtawala alikimbia, na baada ya muda eneo hilo likaunganishwa na maeneo mengine kuunda Jamhuri ya Cisalpine. Ruffini, ambaye hakuwahi kutafuta siasa, alijikuta ameteuliwa kuwa mjumbe katika baraza dogo la jamhuri hiyo. Aliondoka huko mapema, na mwanzoni mwa mwaka 1798 akarejea chuoni kufundisha.

Hapo ndipo mtihani ulipomkuta. Serikali mpya iliwataka watumishi wa umma kula kiapo cha utii kwa jamhuri. Ruffini alikuwa Mkatoliki mwenye msimamo, na dhamiri yake ya kidini haikumruhusu kuapa. Alikataa. Kwa uamuzi huo alipoteza uprofesa wake na akazuiwa kushika wadhifa wowote wa umma.

Mtu aliyefukuzwa kazi akiwa na umri wa miaka 32, katikati ya vita, angeweza kuhama au kusalimu amri. Ruffini alichukua mkoba wake wa udaktari akaendelea kutibu wagonjwa wa Modena. Saa zilizobaki alizitumia kwa tatizo moja la hisabati lililokuwa limewashinda wakubwa wote waliomtangulia. Kwa hakika, kufukuzwa huko kulimpa nafasi ambayo darasa lisingempa.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Mlinganyo wa kipeo cha pili una kanuni yake, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri. Kwa mlinganyo wa kipeo cha tatu na wa kipeo cha nne, kanuni zilipatikana Italia katika karne ya 16, na Girolamo Cardano akazichapisha mwaka 1545. Kilichobaki kilikuwa kipeo cha tano. Kwa zaidi ya miaka 250 wanahisabati walitafuta kanuni ambayo, kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo, ingetoa majibu ya mlinganyo wowote wa kipeo hicho. Karibu wote waliamini kanuni hiyo ipo, na kwamba ni suala la bidii tu.

Mwaka 1799 Ruffini alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu nadharia ya jumla ya milinganyo, ambamo alidai kuthibitisha kwamba kanuni hiyo haipo na haitapatikana kamwe.

Wazo lake la msingi linaweza kuelezwa kwa viti. Watu wanne wanaweza kuketishwa katika viti vinne kwa njia 24. Lakini ukitaka kuwagawa katika jozi mbili tu, bila kujali nani kaketi wapi, utapata njia tatu pekee. Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin na mwanahisabati aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake, alikuwa ameonyesha kwamba hiyo ndiyo siri ya kipeo cha nne: majibu manne ya mlinganyo yanaweza kupangwa katika namna inayotoa thamani tatu tu, na kwa hiyo mlinganyo wa kipeo cha nne unashushwa hadi wa kipeo cha tatu, ambao tayari una kanuni.

Ruffini aliwafuata watu watano. Njia za kuwaketisha ni 120. Alizichambua kwa subira, akaonyesha kwamba hakuna namna yoyote ya kuyapanga majibu matano itakayotoa thamani tatu tu, wala nne tu. Ile ngazi iliyowashusha watangulizi wake kutoka nne hadi tatu, kwa tano haikuwapo. Leo wanahisabati huita uchambuzi wa aina hiyo nadharia ya makundi, na Ruffini huhesabiwa miongoni mwa waliouasisi kabla haujapewa jina.

Mwaka huo huo wa 1799 majeshi ya Austria yaliwaondoa Wafaransa Modena, naye akarudishiwa kazi yake chuoni. Lakini kuhusu ugunduzi wake palikuwa na ukimya.

Alimpelekea Lagrange, aliyekuwa akiishi Paris, nakala ya kitabu. Hakujibiwa. Mwaka 1801 akatuma nakala nyingine pamoja na barua, akieleza kwa unyenyekevu kwamba pengine ya kwanza ilipotea njiani. Hakujibiwa tena. Mwaka 1802 akaandika kwa mara nyingine, na safari hiyo nayo hakupata jibu. Mtu aliyejenga hoja yake juu ya msingi wa Lagrange alimwomba Lagrange neno moja tu, la kukubali au la kukosoa, na hakulipata. Italia kwenyewe walikuwapo waliompongeza, kama Pietro Paoli wa Pisa, na waliompinga, kama Gianfrancesco Malfatti wa Ferrara. Ruffini aliandika uthibitisho wake upya, mara kadhaa, kila mara akijitahidi kuufanya mfupi na wazi zaidi.

Ni katikati ya kipindi hicho cha kusubiri majibu kutoka Paris ndipo ilipozaliwa kazi ambayo wanafunzi wanaifahamu.

Ikumbukwe kuwa kukosekana kwa kanuni ya jumla hakumaanishi kwamba mlinganyo hauna majibu. Majibu yapo; kinachokosekana ni njia moja ya vipeuo inayoyatoa yote. Mhandisi au mpimaji anayehitaji namba bado anahitaji namba. Chama cha Sayansi cha Italia, kilichojulikana kama cha Arobaini kwa sababu ya idadi ya wajumbe wake, kilitangaza tuzo kwa atakayeleta njia bora ya kukadiria majibu ya milinganyo ya kipeo chochote. Ruffini aliandika andiko lililoshinda medali ya dhahabu, likachapishwa mwaka 1804. Mtu aliyewaambia wenzake kwamba mlango mkubwa umefungwa ndiye aliyewatengenezea mlango wa uani.

Injini ya njia hiyo ndiyo ule ugawanyaji mfupi. Tuseme tunataka kugawanya 2x³ − 3x² − 11x + 6 kwa x − 3. Tunaandika namba peke yake kwa mpangilio: 2, −3, −11, 6. Pembeni tunaweka 3. Namba ya kwanza, 2, inashuka kama ilivyo. Tunaizidisha kwa 3, tunapata 6. Tukiijumlisha na −3 tunapata 3. Hiyo nayo tunaizidisha kwa 3, tunapata 9; tukiijumlisha na −11 tunapata −2. Tunazidisha −2 kwa 3, tunapata −6. Tukiijumlisha na 6 ya mwisho tunapata sifuri.

Kazi imekwisha. Mstari wa chini unasomeka 2, 3, −2, 0. Maana yake jawabu ni 2x² + 3x − 2, na baki ni sifuri.

Tahadhari ni mbili, na hapo ndipo wengi hupoteza alama za mtihani. Kwanza, kipeo kikikosekana katika polinomia, nafasi yake lazima iwekewe sifuri. Pili, ukigawanya kwa x + 3 namba ya kuweka pembeni ni −3, kwa kuwa ndiyo inayoifanya x + 3 kuwa sifuri.

Lakini uzuri wa kanuni hii hauishii kwenye kuokoa karatasi. Baki linalopatikana mwishoni ndilo thamani ya polinomia pale x inapowekwa namba ile ya pembeni. Tukirudia kazi ileile kwa 2 badala ya 3, mstari wa chini utakuwa 2, 1, −9, −12. Na ukiweka 2 mahali pa x katika polinomia ya mwanzo utapata −12 ileile. Kwa hiyo jedwali hili dogo hugawanya na kupima kwa wakati mmoja. Baki likiwa sifuri, umepata jibu la mlinganyo, na papo hapo umeushusha kipeo kimoja. Katika mfano wetu kilichobaki ni cha kipeo cha pili, nacho kinatoa majibu mengine mawili, nusu na −2.

Ruffini alikwenda mbali zaidi. Chukua mlinganyo x³ − 2 = 0, yaani kutafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara tatu inatoa 2. Jibu liko kati ya 1 na 2. Andika 1, 0, 0, −2 na ugawanye kwa kuweka 1 pembeni: unapata 1, 1, 1, −1. Acha namba ya mwisho, ugawanye zilizobaki tena kwa 1: unapata 1, 2, 3. Acha ya mwisho, ugawanye mara moja zaidi: unapata 1, 3. Namba ulizoziacha, pamoja na ile 1 inayobaki mwanzo, zinakupa mlinganyo mpya, y³ + 3y² + 3y − 1 = 0, ambao jibu lake ni lile la kwanza likipunguzwa 1. Yaani umeondoa sehemu nzima, na sasa unawinda sehemu iliyo baada ya nukta. Unarudia kwa 0.2, kisha kwa tarakimu inayofuata, na jibu linafunguka moja baada ya jingine: 1.259 na kuendelea, hadi pale utakapochoka. Kalamu na subira vinatosha.

Haki inadai kusema kwamba Ruffini hakuwa wa kwanza duniani. Wachina walikuwa na njia ya jinsi hiyo karne nyingi kabla. Jia Xian aliitumia kutafuta vipeuo katika karne ya 11, na Qin Jiushao aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1247. Ulaya haikuwa na habari hizo. Mwaka 1819, yaani miaka 15 baada ya andiko la Ruffini, mwalimu wa shule wa Uingereza, William George Horner, aliwasilisha njia inayofanana kwa Royal Society ya London. Hakuna sababu ya kumshuku kwamba aliiba. Horner alibahatika kuwa na mtetezi: mwanahisabati Augustus De Morgan aliisifia njia hiyo na kuieneza kwa jina la Horner, na vitabu vya Kiingereza vikafuata. Ruffini hakuwa na De Morgan wake.

Alipewa nafasi ya kufundisha hisabati ya juu katika Chuo Kikuu cha Padua, chuo chenye sifa kubwa kuliko cha Modena. Aliikataa kwa sababu hakutaka kuwaacha wagonjwa wake. Mwaka 1806 alikubali kufundisha hisabati katika shule ya kijeshi ya Modena, na mwaka huo akachapisha kitabu kuhusu kutokufa kwa roho, akakitabaruku kwa Papa Pius wa Saba. Toleo la mwisho la uthibitisho wake wa kipeo cha tano lilitoka mwaka 1813.

Napoleon alipoanguka mwaka 1814, ukoo wa Este ulirejea, na mtawala mpya, Francis wa Nne, alimfanya Ruffini kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Modena. Wakati huohuo alifundisha tiba na hisabati. Mwaka 1816 akawa rais wa chama kilekile kilichokuwa kimempa medali.

Kisha likaja janga. Mwaka 1817 homa ya tifasi ilienea. Huu si ugonjwa wa homa ya matumbo unaojulikana mijini kwetu. Tifasi huenezwa na chawa wa mwilini, na hilo lilikuja kuthibitishwa na Charles Nicolle mjini Tunis mwaka 1909. Madaktari wa zama za Ruffini hawakujua ugonjwa unapita wapi, na wengi waliufuata vitandani mwa wagonjwa ukawapata huko. Ruffini, mkuu wa chuo, hakukaa ofisini. Aliendelea kuwatembelea wagonjwa hadi naye akaugua.

Alinusurika, lakini hakurejea katika nguvu zake. Mwaka 1819 alilazimika kuacha kufundisha tiba. Kwa tabia yake ileile ya kutoacha kitu kipite bila kuchunguzwa, mwaka 1820 alichapisha andiko kuhusu tifasi, akitumia aliyoyaona kwa wagonjwa na aliyoyaonja mwilini mwake. Mwaka 1821 alitoa kitabu kingine akimkosoa Pierre-Simon Laplace kwa kutaka kupima mambo ya maadili kwa hesabu za uwezekano. Mtu huyu aliyeishi kwa namba aliona kuna mahali namba hazipaswi kupelekwa.

Mwaka huo wa 1821 barua ilifika kutoka Paris. Haikutoka kwa Lagrange, ambaye alikuwa amekwishafariki mwaka 1813. Iliandikwa na Augustin-Louis Cauchy, mwanahisabati kijana aliyekuwa mkali katika kuwapima wenzake na mchache wa sifa. Cauchy alimweleza kwamba kazi yake kuhusu milinganyo siku zote aliiona kuwa inastahili kuzingatiwa na wanahisabati, na kwamba kwa maoni yake ilithibitisha kikamilifu jambo lililokusudiwa. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu kitabu cha kwanza.

Ruffini alifariki Modena Mei 10, 1822, kwa maradhi ya moyo yaliyoambatana na homa. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Uthibitisho wake, kusema kweli, ulikuwa na tundu. Alikuwa amechukulia kwamba vipeuo vyovyote vitakavyotokea katika kanuni vinaweza kuandikwa kwa kutumia majibu ya mlinganyo wenyewe, jambo ambalo ni kweli lakini lilihitaji kuthibitishwa. Mwaka 1824 kijana wa Norway, Niels Henrik Abel, alichapisha kwa gharama zake kijitabu kilichoziba tundu hilo. Wakati huo Abel hakuwa amesoma kazi ya Ruffini. Alipokuja kuifahamu, aliandika kwamba huyo ndiye aliyemtangulia, na kwamba hoja zake zilikuwa ngumu kiasi cha kufanya iwe vigumu kuamua usahihi wake. Abel mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1829 akiwa na miaka 26.

Leo jambo hilo la kipeo cha tano huitwa nadharia ya Abel na Ruffini, majina mawili pamoja. Katika karne ya 20 msomi wa Italia, Ettore Bortolotti, alikusanya kazi za hisabati za Ruffini katika juzuu tatu, na humo limo andiko la mwaka 1804 lenye jedwali lile la namba.